Foku ya upepo: kuijaza, kuipima na kuifungua bila kuiua

Mtu akikuletea baiskeli ya mlimani ya mtumba na kukuambia foku (ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu na kumeza matuta) imekufa, usikubali haraka. Bana breki ya mbele, lalia usukani kwa uzito wa kifua, usikilize. Ikigoma kama nguzo, kisha ikashuka ghafla kwa mkwaruzo, mara nyingi haijafa. Imekauka. Imekaa miaka bandani kwa mwenyewe wa kwanza bila kufunguliwa, oili iliyokuwa miguuni imegeuka tope, sponji zilizo chini ya sili za vumbi zimekuwa kama mkate wa juzi. Mwenyewe wa pili anaongeza upepo akidhani ndio uliopungua, na foku inazidi kuwa ngumu.

Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayofanya mwenyewe Arusha, ambako vumbi la kiangazi ni laini kama unga wa sembe na linapenya kila mahali. Kazi ni mbili. Kujaza na kupima huchukua robo saa. Kufungua miguu ya chini, yaani ile sehemu ya nje inayoshika gurudumu, na kubadilisha oili huchukua saa moja na nusu kwa mara ya kwanza, nusu yake ukishazoea.

Jua kwanza ulichonacho

Kaa juu ya baiskeli, kisha fungua kifuniko kilicho juu ya mguu wa kushoto. Ukiona vali kama ya tairi la gari, foku ni ya upepo. Ukikuta nobu ya plastiki inayozunguka tu, bila vali, ndani kuna springi ya chuma na sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu. Kwenye foku nyingi za kampuni za RockShox, Fox na SR Suntour mpangilio ni huo huo: kushoto upepo, kulia dampa, yaani mguu wenye oili na vijitundu vyake vya kupunguza kasi. Chini ya mguu wa kulia utaona nobu, aghalabu nyekundu. (Upepo si mtindo mpya. RS-1, foku ya kwanza ya RockShox iliyotoka mwaka 1989, ilibebwa na upepo na oili. Springi za chuma zilishika soko baadaye.)

Ndani ya mguu wa kushoto kuna pistoni. Upepo ulio juu yake ndio unaokubeba. Chini yake kuna chumba kingine kidogo, chenye upepo unaosukuma kinyume, ili foku ianze kushuka kwa ulaini hata kwenye kokoto ndogo. Foku za siku hizi zinajaza vyumba vyote viwili kwa vali moja: ukutani mwa paipu kuna kibonyeo, na pistoni ikipita hapo upepo unavuka mpaka pande mbili zilingane. Kumbuka hilo, maana ndilo linalofanya ujazaji uwe wa hatua kwa hatua. Ukikutana na RockShox ya zamani iliyoandikwa Dual Air, utakuta vali ya pili chini ya mguu wa kushoto. Hapo unajaza ya juu kwanza, ndipo ya chini, na wakati wa kutoa unaanza na ya chini.

Pampu

Tumia pampu ya shokapu: ndogo, ina geji inayofika psi 300 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), na mpira wake unafungwa kwenye vali kwa kuzungusha. Chumba cha foku ni kidogo mno kwa pampu ya tairi. Msukumo mmoja unaingiza upepo mwingi kupita kiasi, na ukichomoa kichwa chake upepo unaondoka nao. Kompresa ya kituo cha mafuta usiisogelee kabisa. Niliwahi kuijaribu ujanani, kwa haraka ya Jumapili asubuhi. Sekunde moja, mlio mmoja, na sili ya ndani ikahama mahali pake.

Kujaza

Soma kibandiko kwenye mguu wa chini. Foku nyingi zina jedwali la uzito na psi, pamoja na kiwango cha juu ambacho hupaswi kukivuka. Kama kibandiko kimebanduka, anza na psi zinazokaribia uzito wako kwa kilo: wa kilo 70 aanze na 70. Hiyo ni namba ya kuanzia tu. Foku moja itakutaka 65, nyingine 95, kwa mtu yule yule.

Futa vumbi kuzunguka vali kabla ya kufungua. Kama foku ina kifungio cha juu cha kuikaza, kiweke wazi. Zungusha kichwa cha pampu mpaka geji isogee, ongeza mzunguko mmoja, basi. Usikaze kwa nguvu.

Jaza hadi psi 50 hivi. Bila kutoa pampu, shusha foku taratibu kidogo, kama robo ya mwendo wake (umbali wote inaoweza kushuka), iachie irudi juu kabisa, urudie mara saba au nane. Utaona geji imeshuka. Upepo haujavuja, umehamia chumba cha chini. Ongeza tena psi 10 au 15, bonyeza tena, mpaka ufike kwenye namba yako na geji iwe imetulia. Anayeruka hatua hii hupata foku ambayo leo ni ngumu na kesho, baada ya matuta mawili, imelegea, halafu anaenda kununua sili asizozihitaji.

Ukifungua pampu utasikia “fsss”. Huo ni upepo wa mpira wa pampu, usikutishe. Lakini ukiifunga tena ili “kuhakikisha”, geji itasoma chini kuliko ulivyoacha, kwa sababu mpira mtupu umejichotea upepo kutoka kwenye foku. Kila ukipima unapunguza. Kwa hiyo jaza, toa, uache.

Mzamo

Foku inatakiwa izame kidogo wewe ukiwa juu yake bado hujaenda popote. Mafundi wengi wanaita sagi, mimi naita mzamo. Huu ndio unaoamua psi zako, geji inasaidia tu.

Kwenye paipu ya kushoto, ile inayong'aa na kuzama ndani ya mguu wa chini, tafuta oringi nyembamba ya mpira. Kama haipo, funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya, isikaze sana. Vaa kila unachovaa njiani: kofia, begi, maji. Mwombe mtu ashike baiskeli, au egemea ukuta kwa kiwiko. Simama juu ya pedali, magoti yamekunjwa kidogo, ruka ruka mara mbili tatu foku ijitikise, kisha tulia. Sukuma oringi ishuke mpaka iguse sili. Shuka bila kuibinya tena foku, na upime umbali kutoka sili hadi oringi.

Kwa baiskeli ya mwendo wa kasi na vilima vya kawaida, tafuta asilimia 15 hadi 20 ya mwendo wote wa foku. Kwa njia za mawe na mteremko mkali, 25, hata 30. Foku ya milimita 100 inazama 15 hadi 20. Ya 120 inazama kama 24. Ya 150, kwa asilimia 25, kama 37. Ikizama zaidi, ongeza psi 5 upime upya. Ikizama kidogo, punguza 5.

Halafu nenda ukaendeshe. Rudi na uangalie oringi ilifika wapi. Baada ya safari yenye pigo moja kubwa kweli kweli, inapaswa iwe karibu na mwisho wa mwendo. Kama kila mara imebaki nusu ya paipu, unabeba foku ya milimita 120 na kutumia 60. Watu wengi ninaowajua wamejaza kupita kiasi kwa sababu ugumu unawapa hisia ya usalama. Mikono inayokufa ganzi kwenye mteremko ndiyo inayolipa.

Baridi nayo ihesabu. Foku iliyojazwa psi 80 kwenye joto la nyuzi 30 itasoma kama 74 kukiwa na nyuzi 10. Ukitoka Dar es Salaam kwenda kuendesha Lushoto mwezi wa saba, pima mzamo upya asubuhi ya kwanza.

Sungura na kobe

Nobu iliyo chini ya mguu wa kulia inaamua foku irudi juu kwa kasi gani. Kwenye RockShox wamechora sungura upande mmoja na kobe upande mwingine, na hapa hakuna hadithi: sungura ni haraka, kobe ni polepole. Funga yote upande wa kobe, kisha rudisha ukihesabu vibofyo mpaka katikati. Bonyeza usukani kwa nguvu na uachie ghafla. Gurudumu likiruka kutoka ardhini, ni haraka mno. Foku ikirudi kama mtu anayeamka Jumatatu, ni polepole mno: kwenye mawe yanayofuatana haitawahi kupanda kabla ya pigo linalofuata, na itaendelea kuzama. Ukiongeza psi nyingi, isogeze kidogo upande wa kobe.

Kufungua miguu ya chini

RockShox wanasema kila saa 50 za kuendesha kwa kazi hii, na saa 200 kwa kufungua springi ya upepo (ile pistoni na vyumba vyake) na dampa yenyewe. Fox wanasema saa 125 au mwaka mmoja. Kwa anayeendesha saa tano kwa wiki, saa 50 ni wiki kumi. Kwenye vumbi letu nafuata saa 50 hata kwa Fox.

Andaa elenki za milimita 5 na 2.5, spana za 10 na 15 kama foku ni Fox, nyundo ya plastiki, beseni, fulana kuukuu, spiriti ya duka la dawa na bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Oili ya miguu ya chini: kwa foku za zamani ile ya shokapu za pikipiki, namba 15, inafaa vizuri na haikosekani kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda. Grisi iwe nyepesi, iliyotengenezwa kwa ajili ya shokapu. Ile nzito ya beringi za magari itafanya foku iwe kama imezama kwenye asali.

Toa gurudumu la mbele. Fungua kalipa ya breki na uifunge pembeni, mbali na mguu, ndani ya mfuko safi wa plastiki. Katikati ya pedi weka kipande cha kadibodi, ili mtu akibana breki kwa bahati mbaya pistoni zisitoke. Tone moja la oili kwenye pedi na umepoteza pedi.

Sasa andika mahali psi zako na idadi ya vibofyo, kisha toa upepo wote. Bonyeza pini ya vali taratibu, uso ukiwa pembeni kwa sababu upepo hutoka na matone ya oili. Shusha foku, bonyeza tena. Hapa hakuna mjadala: usilegeze boliti wala kifuniko chochote kukiwa na upepo ndani. Kitu kilichobanwa kwa psi 80 kikipata njia kinatoka kama risasi.

Chomoa nobu nyekundu. Nyingine zina kiskrubu cha 2.5, nyingine zinavutwa tu. Chini ya kila mguu kuna boliti (Fox huwa ni nati). Legeza mizunguko mitatu au minne lakini usiitoe. Elenki ikiwa bado ndani ya boliti, ipige kwa nyundo ya plastiki, mapigo mafupi, mpaka kichwa cha boliti kiguse tena mguu. Hapo shafti ya ndani imeachia. Fanya hivyo pande zote mbili, weka beseni, ndipo utoe boliti na kuvuta miguu chini kwa mikono miwili.

Kabla ya kumwaga kinachotoka, kisome. Rangi ya chai ya rangi ni uchakavu wa kawaida. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na sili za vumbi zimechoka. Kijivu chenye vimeremeta ni chuma kinachosagika: kagua paipu na bushi kwa makini. Oili nyingi kutoka mguu wa kulia, nyingi kuliko unavyotarajia, inamaanisha dampa inavuja kutoka ndani, na hapo mpelekee fundi mwenye vifaa vyake. Kutotoka kitu kabisa ndiko ninakokuona mara nyingi zaidi kwenye baiskeli za mtumba.

Safisha paipu za juu kwa spiriti na fulana. Viringisha kitambaa kwenye mti mrefu na usugue ndani ya miguu mpaka kitoke safi. Kwa ukucha, toa sponji za duara zilizo chini ya sili, zioshe kwa sabuni ya vyombo, zikamue, zikaushe. Hapa najua mazoea ya gereji: kila kitu kinaoshwa kwa petroli. Kwenye foku usithubutu. Petroli inavimbisha mipira, na sili iliyovimba leo inachanika kesho.

Pitisha ukucha juu ya paipu zinazong'aa, juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, utakwama na mdomo wa sili, utakata na kuingiza vumbi. Mkwaruzo mdogo unaweza kuujaza kwa rangi ya kucha, ukaacha ikauke, ukalainisha kwa msasa wa maji namba 2000. Ulaini wake unatosha, uzuri hauna kazi.

Midomo ya sili ikiwa laini na haijapasuka, iache. Ukibadilisha, inua ya zamani kwa ubapa wa spana kubwa huku ukilinda ukingo wa mguu kwa kitambaa. Kamwe usitumie ncha ya bisibisi: miguu hiyo ni magineziamu na inachubuka kirahisi. Sili mpya isukume kwa kipande cha bomba la PVC chenye kipenyo sawa na sili, ikae sawasawa pande zote.

Loweka sponji kwenye oili mpaka zishibe, zirudishe. Paka grisi kidogo kwenye midomo ya sili, kama unavyojipaka mafuta midomoni, si zaidi.

Sasa kurudisha. Telezesha miguu kwenye paipu taratibu, pande mbili kwa pamoja, ukihakikisha midomo ya sili haikunjiki kwa ndani. Simama kabla shafti hazijagusa chini. Laza baiskeli ili tundu za boliti zitazame juu kidogo, kisha ingiza oili kwa bomba la sindano, ukilielekeza pembeni ya shafti na si ndani yake. Kiasi kinategemea foku: nyingi zinachukua mililita 5 hadi 20 kila mguu, na Fox 36 inaweza kutaka 40 upande mmoja. Tafuta jedwali la modeli yako kwa kutumia namba iliyochapwa kwenye foku. Kwa Fox ni alama nne nyuma ya mguu wa chini. Usiongeze “kwa usalama”. Oili haibanwi, na ikizidi foku haitafika mwisho wa mwendo wake.

Sukuma miguu mpaka mwisho, safisha boliti, weka washa mpya kama unazo, na ukaze Nm 7 hivi kwa RockShox, chini kidogo ya 6 kwa Fox. Kama huna spana ya kupima, kaza kwa vidole viwili vya mkono mmoja ukiwa umeshika elenki karibu na kona yake. Nobu, kalipa, gurudumu. Jaza upepo kwa hatua zile zile za mwanzo.

Inapogoma

Ikipoteza upepo usiku kucha, anza na njia ya fundi wa tyubu: mate au maji ya sabuni juu ya vali. Povu likitoka, kaza kiini cha vali kwa kile kifaa cha vali za gari. Povu lisipotoka, lakini upepo ukapumua kwenye sili za vumbi, sili ya ndani ya springi ya upepo imechoka na inabidi ifunguliwe.

Foku ikikataa kupanda juu kabisa, imejivuta milimita 10 au 20 ndani, chumba cha chini kimeshika upepo mwingi kuliko cha juu. Weka psi 50, shika miguu na uivute foku kwa nguvu ifunguke, uibonyeze kidogo, uivute tena mpaka ikae.

Na ikiwa ngumu mwanzoni mwa mwendo baada ya kupanda milimani, huenda ni hewa iliyonaswa ndani ya miguu ya chini ulipoifunga ukiwa pwani. Ingiza ncha laini ya kamba ya plastiki chini ya mdomo wa sili, taratibu, sambamba na paipu. Utasikia inapumua. Toa, futa, fanya upande wa pili.

Baada ya safari futa paipu na sili kwa kitambaa kikavu. Pale wanapoosha bodaboda kwa mashine ya presha, waambie wapite mbali na sili. Mimi hubandika kipande cha utepe mweupe nyuma ya mguu wa chini, upande wa gurudumu, na kuandika juu yake tarehe, psi na vibofyo kwa kalamu isiyofutika. Kwenye ya sasa hivi imeandikwa 78 na 9.